Utatuzi wa Matatizo ya Mimea Hai katika Tangi la Samaki wa Maji Baridi

Malalamiko ya wafugaji wa samaki wa mapambo kuhusu mimea yao hufanana sana. Majani yameyeyuka wiki moja baada ya kupandwa, majani ya chini yametoboka, ncha zimepauka, au mwani umefunika kila kitu. Mara nyingi anayelalamika amekwisha kununua mbolea za aina kadhaa na kubadilisha taa kabla hajalichunguza jani lenyewe. Mwongozo huu unaanzia kwenye jani, na katika kila dalili unataja kwanza kisababishi kinachotokea mara nyingi zaidi, kisha vile vya nadra.

Kabla ya kufuata dalili yoyote, pima mambo ya msingi, kwa kuwa hayagharimu chochote zaidi ya muda. Amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, ziwe 0. Kama hazijafika hapo, tangi bado ni changa na tatizo lake la kwanza si la mimea. Joto likae kati ya nyuzi 22 na 26, ambamo mimea mingi ya matangi hustawi. Hesabu saa ambazo taa huwaka: 6 hadi 8 kwa siku zinatosha, na taa iongozwe na saa ya umeme inayoiwasha na kuizima yenyewe, kwa sababu mkono wa binadamu husahau. Kisha hakikisha kwamba maji yanafika kila pembe, yaani majani yanatikisika kidogo hata nyuma ya mawe.

Kumbuka pia kwamba jani lililokwisha kuharibika halirudi kuwa zima. Tiba hupimwa kwa majani yanayochipuka baada yake, na hayo huhitaji wiki 2 hadi 3 kabla ya kutoa jibu. Ndiyo maana inafaa kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha mbolea, taa na chujio siku moja hatajua kamwe kilichomsaidia au kilichomdhuru.

Majani yanalegea na kuyeyuka muda mfupi baada ya kupandwa

Kisababishi kikuu ni mabadiliko ya makazi. Mashamba mengi yanayokuza mimea hii kwa ajili ya biashara huiacha majani yake yakiwa hewani, mizizi pekee ikiwa kwenye unyevu, kwa kuwa kwa njia hiyo hukua haraka na haipati mwani. Jani lililokulia hewani lina utando wa nta juu yake na halikuumbwa kunyonya hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini, hivyo mmea ukizamishwa huyaacha majani hayo yaoze huku ukitengeneza mengine membamba na laini zaidi. Jamii ya Cryptocoryne hufanya hivyo hata ukiihamisha tu kutoka pembe moja ya tangi hadi nyingine.

Uchunguzi wa kwanza ni wa vidole. Shika mmea chini kabisa, mahali majani yanapokutana na mizizi, ubonyeze taratibu. Pakiwa pagumu, na mmea ukishikilia unapouvuta kidogo, uko hai hata kama hauna jani hata moja juu ya changarawe. Kata mabaki yanayooza ili yasitoe amonia, kisha uuache mahali ulipo kwa wiki 3 hadi 6. Kosa linaloua mimea ya aina hii kuliko yote ni kuing'oa kila baada ya siku chache ili kuangalia mizizi, maana kila mng'oo huanzisha upya mshtuko ule ule.

Ukikuta pamelainika na panatoa harufu ya uozo, fikiria kisababishi cha pili, ambacho ni upandaji. Anubias, Microsorum na Bucephalandra zina shina nene linalotambaa kwa ulalo, na shina hilo likifukiwa kwenye mchanga huoza. Litoe, ulikate kwa wembe safi mpaka ufikie nyama ngumu isiyo na rangi ya kahawia, kisha ulifunge kwa uzi juu ya jiwe au gogo, mizizi ikiachwa ijitafutie njia yenyewe. Kwa mimea inayotoa majani yote kutoka kitovu kimoja, kama Echinodorus, mizizi hufukiwa lakini kitovu hubaki juu ya changarawe.

Kisababishi cha tatu ni kemikali. Dawa za kimiminika zinazouzwa kama mbadala wa hewa ya ukaa mara nyingi huwa na glutaraldehidi, ambayo mimea kama Vallisneria, Egeria na aina nyingi za kuvumwani (moss) haziivumilii. Majani ya Vallisneria yanaweza kuyeyuka yote katika siku chache. Acha dawa hiyo, badilisha nusu ya maji, na usiirudishe katika tangi lenye mimea hiyo. Glutaraldehidi ni sumu kwa ngozi na macho ya binadamu pia, kwa hiyo ivaliwe glovu kila inapopimwa.

Majani yanabadilika rangi, yanatoboka au yanapinda

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea kwa kubahatisha, ilhali mmea wenyewe hueleza mengi. Swali la kwanza ni je, dalili imeanza kwenye majani ya zamani au mapya? Nitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu zinaweza kuhamishwa ndani ya mmea, hivyo zikipungua mmea huzinyang'anya kutoka majani ya chini na kuyapelekea machipukizi. Madini ya chuma na kalsiamu hayahamishiki kwa urahisi, na upungufu wake hujitokeza juu, kwenye jani changa kabisa.

Tuanze na majani ya zamani. Yakigeuka manjano jani zima kuanzia nchani, kisha yakawa kama karatasi iliyoloana na kudondoka, upungufu wa nitrojeni ndio wa kwanza kufikiriwa, hasa katika tangi lenye samaki wachache na mimea mingi. Pima nitrati. Ikisoma 0, ukuaji umekwama hapo. Lengo linalofaa ni miligramu 10 hadi 20 kwa lita. Gramu 1 ya potasiamu nitrati katika lita 100 za maji huongeza takriban miligramu 6 za nitrati na karibu 4 za potasiamu kwa kila lita, kwa hiyo mizani ndogo na hesabu ya uangalifu hutosha. Chumvi hiyo huchochea moto na haifai kukaa karibu na vitu vinavyowaka wala mahali watoto wanapofika.

Jani la zamani likibaki kijani lakini likapata vitundu vidogo kama vya pini, chunguza kingo za vitundu hivyo kwa kioo cha kukuzia. Kitundu cha upungufu wa potasiamu huanza kama doa jeusi au la kahawia na huzungukwa na duara la manjano. Kitundu kilichong'atwa na mnyama kina ukingo safi wenye rangi ya jani zima. Tofauti hii ndogo huokoa konokono wengi wasio na hatia. Gramu 1 ya potasiamu salfeti katika lita 100 huongeza takriban miligramu 4.5 za potasiamu kwa lita, na inaweza kurudiwa kila wiki. Anubias iliyo chini ya taa kali huonyesha vitundu hivi mapema, kwa hiyo kuisogeza kivulini ni sehemu ya tiba.

Manjano ikitokea katikati ya mishipa ya majani ya zamani huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, kuna uwezekano kwamba magnesiamu imepungua. Hilo huonekana zaidi kwa wanaotumia maji ya mvua, maji yaliyochujwa chumvi zote, au maji yaliyolainishwa kwa mtambo wa chumvi, ambao huondoa kalsiamu na magnesiamu na kuweka sodiamu mahali pake. Gramu 1 ya chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti) katika lita 10 huongeza takriban miligramu 10 za magnesiamu kwa lita. Nusu ya kiasi hicho inatosha kuanzia.

Upungufu wa fosforasi haujitangazi kwa uwazi huo: ukuaji unadumaa, majani yanakuwa meusi-meusi, na vidoa vigumu vya mwani wa kijani vinashika majani yanayokua polepole. Wengi huogopa fosfeti kwa kuamini kwamba ndiyo inayoleta mwani. Mimi sikubaliani na imani hiyo, maana mmea uliokosa fosforasi ndio unaogeuka shamba la mwani. Miligramu 1 kwa lita katika tangi lenye mimea mingi si jambo la kutisha.

Kwenye majani mapya, jani lililopauka hadi karibu weupe huku mishipa ikibaki kijani hudokeza upungufu wa chuma. Kabla ya kuongeza dozi, pima pH, yaani kiwango cha asidi au ualkali cha maji. Katika mbolea, chuma hufungwa kwa kemikali inayokishikilia kisigande. Kilichofungwa kwa EDTA huachia na kugeuka kutu isiyonyonyeka maji yakielekea kwenye ualkali, wakati kile cha DTPA hustahimili zaidi, hivyo tatizo linaweza kuwa aina ya mbolea na wala si kiasi chake. Mimea inayokula zaidi kwa mizizi, kama Echinodorus na Cryptocoryne, hupona haraka ikiwekewa kidonge cha mbolea sentimita chache chini ya changarawe. Machipukizi yaliyopinda, yaliyokunjamana na madogo kupita kawaida yanaweza kuwa ya kalsiamu haba katika maji laini sana, lakini mara nyingi zaidi niliyoyaona yalitokana na hewa ya ukaa inayopanda na kushuka ovyo. Rekebisha hiyo kwanza.

Usiongeze kirutubisho kimoja peke yake kwa miezi. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig aliieneza katika karne ya 19 kanuni kwamba ukuaji wa mmea huzuiwa na kile kilicho haba kuliko vyote, na tangi la samaki linaithibitisha kila siku, kwa sababu ukiondoa kizuizi kimoja, kinachofuata hujitokeza. Mbolea kamili kwa dozi ndogo, pamoja na kubadilisha theluthi hadi nusu ya maji kila wiki, huondoa sehemu kubwa ya dalili zote zilizotajwa hapa.

Mmea haukui, au unarefuka bila majani

Shina linalorefuka kuelekea juu, mafundo yake yakiwa yameachana sana na majani ya chini yakidondoka, linatafuta mwanga. Angalia kwanza mimea inayoelea kama haijafunika uso wa maji, kisha kioo cha juu kama hakina ukoko wa chokaa. Kukisafisha kunaweza kurudisha mwanga mwingi bila kununua taa mpya. Baada ya hapo pogoa vichwa na uvipande upya kwa nafasi, kwa kuwa mashina yaliyosongamana hunyimana mwanga chini.

Mmea ambao haurefuki wala haunawiri, ingawa taa ni kali na mbolea ipo, kwa kawaida umekosa hewa ya ukaa. Gesi hii husambaa katika maji polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani, kwa hiyo jani lililo mahali pasipo mkondo linaweza kuona njaa katika tangi lenye gesi ya kutosha. Hatua ya bure ni kuugeuza mdomo wa pampu mpaka majani yote yatikisike. Hatua ya pili, nayo ni ya bure, ni kupunguza nguvu ya taa, kwa sababu mwanga ndio unaoamua mmea udai kiasi gani cha kila kitu kingine. Tangi lisilo na mtungi wa gesi lenye taa ya wastani hustawisha Anubias, Cryptocoryne na Microsorum bila shida.

Mwenye mtungi atumie kipimo kinachoning'inizwa ndani ya tangi, chenye maji ya ugumu wa kabonati (kipimo cha kabonati iliyoyeyuka majini) wa digrii 4 na rangi ya kupimia pH. Rangi ya buluu humaanisha gesi ni kidogo, kijani kama miligramu 30 kwa lita, na manjano humaanisha imezidi. Kipimo hicho huchelewa saa moja au mbili nyuma ya hali halisi. Gesi ifunguliwe saa moja au mbili kabla ya taa kuwaka na kufungwa kabla ya taa kuzimika.

Mimea inang'oka au mizizi ni myeusi

Mimea mipya inayoelea kila asubuhi kwa kawaida imepandwa kwenye tabaka jembamba mno. Sentimita 5 hadi 7 zinafaa, na koleo ndefu huishindilia vizuri kuliko vidole. Ceratophyllum haina mizizi ya kweli, hivyo iache ielee. Mizizi ikitoka myeusi, laini na yenye harufu ya mayai yaliyooza, mchanga umeshikamana na kukosa oksijeni. Uchokonoe kidogo kidogo, eneo dogo kila wiki, kwa kijiti chembamba. Usilivuruge tabaka lote kwa mara moja samaki wakiwa ndani, kwa sababu salfidi ya hidrojeni inayotoka ni sumu kwao.

Mwani unafunika majani

Mwani haushughulikiwi kwa jina moja, maana kila aina ina chanzo chake. Vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole katika tangi changa ni diatomu, aina ya mwani wa viumbe vidogo sana. Lifute, badilisha maji, na kwa kawaida hutoweka lenyewe tangi linapokomaa. Maji yakigeuka kijani kama supu, pima amonia, zuia jua la dirishani, kisha funika tangi zima lisipate mwanga kwa siku 3 au 4 huku hewa ikipigwa ndani. Taa ya urujuanimno iliyofungwa kwenye chujio hulimaliza tatizo hilo kwa uhakika zaidi, ila isiwashwe kamwe nje ya kasha lake, kwa kuwa huunguza macho.

Vishungi vyeusi au vya kijivu vinavyoota kwenye kingo za majani, hasa karibu na mdomo wa chujio, ndivyo vinavyokatisha watu tamaa. Visababishi, kwa mpangilio wa mara vinavyojitokeza, ni hewa ya ukaa isiyo thabiti, uchafu uliojikusanya kwenye chujio na mchanga, na taa inayowaka muda mrefu. Kata majani yaliyoshambuliwa sana. Mmea ulio juu ya jiwe unaweza kutolewa nje, ukapakwa kwa brashi haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ukaachwa dakika chache na kusuuzwa. Katika siku zinazofuata vishungi hugeuka vya waridi, dalili kwamba vimekufa, na uduvi na konokono huvila. Kuvumwani usiupake dawa hiyo. Bila kusafisha chujio na kusawazisha gesi, vitarudi.

Utando wa kijani-buluu unaobanduka kama ngozi na kutoa harufu nzito si mwani wa kweli bali ni sayanobakteria, na baadhi ya aina zake hutoa sumu, hivyo vaa glovu. Uvute kwa mpira wa kunyonyea maji, pima nitrati, kwa sababu mara nyingi huwa karibu na 0, ongeza mkondo, kisha funika tangi siku 3 au 4. Utando ukirudi baada ya hayo yote, acha kujitibia. Viuavijasumu vinavyotajwa kwa tatizo hili vinaweza kuua bakteria wa chujio na kuzalisha usugu, na uamuzi wa kuvitumia ni wa daktari wa wanyama anayefahamu samaki.

Majani yanaliwa

Konokono wengi wa matangi hula jani lililokwisha kufa, si jani zima. Samaki wa dhahabu na jamii za samaki wanaokula majani hawabadiliki tabia. Wape Anubias na Microsorum, ambazo ni ngumu na chungu, au watenganishe na mimea laini.

Hali zinazohitaji kuacha kazi mara moja

Samaki wakipanda juu na kuhema huku gesi ikiwa wazi, mimea haina umuhimu tena kwa saa hiyo. Funga valvu ya mtungi, pandisha mdomo wa pampu uvuruge uso wa maji, badilisha theluthi ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini, na usifungue gesi mpaka siku inayofuata, kwa kiwango cha chini zaidi. Wakihema ingawa hakuna mtungi, pima amonia na nitriti mara moja. Wakiendelea kufa baada ya maji kubadilishwa na vipimo kusoma sawa, mwite daktari wa wanyama.

Mtungi wa hewa ya ukaa hubeba shinikizo la takriban baa 57 katika joto la nyuzi 20. Usimame wima daima, kwa kuwa ukilazwa kimiminika huingia kwenye kidhibiti cha shinikizo, na ufungwe usianguke. Shinikizo husoma vilevile mpaka kimiminika kiishe ndipo lishuke ghafla, na kidhibiti duni huweza kumwaga gesi nyingi tangini wakati huo. Sindano ya kipimo cha shinikizo ikianza kushuka, badilisha mtungi. Ukisikia mfoko wa gesi, au mtu akiumwa kichwa na kuishiwa pumzi chumbani, toka nje kwanza, fungua milango, na umwachie fundi wa mitungi kazi ya kuukagua. Usifungue wala kukaza valvu yake kuu kwa spana.

Upande wa umeme hauna nafasi ya majaribio. Chomoa vifaa vyote kabla ya kutia mkono majini, acha hita ipoe kwa nusu saa kabla ya kuitoa, na kila waya uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Saketi ya tangi inafaa kulindwa kwa swichi ya miliampia 30 inayokata umeme unapovuja. Ukihisi mtekenyo wowote unapogusa maji, au ukiona kioo cha hita kimepasuka, usiguse tena maji wala kifuniko. Zima swichi kuu ya nyumba na umwite fundi umeme aliyesajiliwa. Ufa kwenye kioo cha tangi au gundi inayobanduka kwenye kona nayo haizibwi maji yakiwa ndani: hamisha samaki na mimea kwenye ndoo zenye maji yale yale, punguza maji mpaka chini ya ufa, na fundi wa vioo ndiye aamue kama tangi linafaa kutumika tena.